Uzito wa mzigo: Hesabu ya gemu za zama za kati ambayo wapagazi wa Ugogo waliipiga kweli

Yeyote aliyewahi kucheza gemu za mashujaa wa zama za kati anaujua ujumbe ule: umebeba kupita kiasi. Ghafla mhusika aliyekuwa anakimbia anaanza kujikokota kama kobe. Begini kuna panga sita, ngao tatu, ngozi za mbwa mwitu na vipande vya jibini ambavyo hata hakumbuki alivitoa wapi. Duka la kuuzia liko mbali, na usiku unaingia.

Kwenye Skyrim, gemu iliyotoka mwaka 2011, mhusika anaanza na uwezo wa kubeba uzito wa 300. Kila anapopanda leveli na kuchagua kuongeza stamina, anapata 5 zaidi. Akizidisha, hakimbii tena. Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018, ambayo hadithi yake inatokea Bohemia mwaka 1403, imebana zaidi: chakula kinaoza begini, na farasi ana mzigo wake wa kuhesabu.

Wengi wanaona huu ni usumbufu tu wa watengeneza gemu. Lakini kwenye uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Mpwapwa kupita Dodoma ya leo hadi Manyoni, hesabu hii ilikuwa ya kweli kabisa. Karne ya 19 misafara ya biashara kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo kwa miguu, na kila kitu kilikaa begani au kichwani mwa mtu. Aliyekosea hesabu hakuwa na sehemu ya kurudia mchezo.

Hivi ndivyo walivyoipiga, na kile ambacho mchezaji wa leo anaweza kujifunza.

Kikomo: frasila mbili

Kipimo cha msafara kilikuwa frasila. Frasila moja ni ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Mzigo kamili wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili: ratili 70, au kilo 32. Mara nyingi ulishuka kidogo hadi ratili 60, kilo 27.

Kwa macho ya leo, kilo 32 ni ndoo ya maji ya lita 20 na nusu yake juu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Unaweza kusema mbona si nyingi. Jaribu sasa kuibeba ndoo hiyo na nusu siku nzima, kesho tena, na keshokutwa tena, kwa miezi. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kaze, karibu na Tabora ya leo.

Na hiyo ni bidhaa ya mwenye msafara peke yake. Juu yake mpagazi aliweka vitu vyake mwenyewe: mkeka au ngozi ya kulalia, chungu cha kupikia, silaha, kibuyu cha maji na akiba ya chakula. Ndiyo maana wapagazi wengi walisafiri na wake zao, ambao nao walibeba vyungu, unga na watoto. Kwenye gemu silaha uliyoishika inaingia kwenye hesabu ya uzito. Ugogo ilikuwa vilevile.

Pesa yenyewe ndiyo mzigo

Hapa ndipo gemu inapomdekeza mchezaji. Kwenye Skyrim dhahabu haina uzito. Unaweza kutembea na sarafu laki moja mfukoni na ukaruka kama swala.

Kwenye njia ya Ugogo pesa ilikuwa nguo, ushanga na waya, na vyote vilipimwa kwa frasila. Nguo kuu ilikuwa merikani, pamba nyeupe iliyotoka Marekani, na kaniki, nguo ya rangi ya nili kutoka India. Zilihesabiwa kwa shuka na doti. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Neno hilo doti bado lipo: ukienda dukani leo kununua khanga unaomba doti.

Henry Morton Stanley, aliyepita Ugogo mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, aliandika kwamba ushanga ulikuwa kama sarafu za shaba, nguo kama fedha, na waya, huko ng'ambo ya Tanganyika, kama dhahabu. Alinunua frasila 10 za waya wa shaba, yaani kilo 160 hivi. Mizigo yake yote ilipokusanywa Zanzibar ilikaribia tani 6, na mwenyewe alishangaa itasogezwaje.

Gawanya tani 6 kwa kilo 32. Unapata karibu watu 190. Hapo bado hajahesabiwa mlinzi, mpishi wala kiongozi.

Ushanga usiouzika

Kuna kosa ambalo kila mchezaji amelifanya: kubeba kitu kwa sababu kina thamani, halafu kufika mji ambao hakuna anayekinunua.

Kwenye misafara kosa hilo lilikuwa la ushanga. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na fasheni yake. Stanley alieleza kwamba ushanga mweusi ulipokelewa Ugogo, lakini makabila mengine hayakuutaka hata kidogo. Mweupe ulikubalika sehemu fulani za Ugogo na Usagara, na kudharauliwa kwingine.

Maana yake ni nini? Ukibeba ushanga mweusi kidogo mno, umekwama Ugogo bila pesa ya kununulia chakula. Ukibeba mwingi mno, unatoka upande wa Mgunda Mkali na magunia ya mawe. Kila gunia lililobaki lina bega la mtu chini yake, na mtu huyo anakula kila siku.

Kwa hiyo wafanyabiashara waliuliza kwanza. Waliotoka bara ndio waliojua ni rangi gani inatembea msimu ule. Mzigo ulifungwa baada ya habari kupatikana.

Chakula: hesabu inayojila yenyewe

Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Kibaba ni ratili moja na nusu, karibu gramu 700.

Chukua msafara mdogo wa watu 100:

- Kwa siku moja wanakula kilo 70. Hiyo ni mizigo miwili na zaidi.
- Kwa siku 10 wanakula kilo 700. Hiyo ni mizigo 22.
- Wapagazi 22 wa kubeba chakula hicho nao wanakula, kilo 154 zaidi kwa siku 10. Ongeza wapagazi 5.
- Hao 5 nao wana matumbo. Ongeza mmoja.

Unaona inakoelekea. Ukitaka kubeba chakula cha miezi mitatu kutoka pwani, msafara mzima unakuwa wa kubeba chakula cha msafara, na biashara imekwisha kabla ya kuanza.

Jibu lao lilikuwa kutobeba. Walinunua njiani, kijiji kwa kijiji, na kubeba akiba ya siku chache tu za nyika. Ndiyo maana ratiba ya safari ilifuata mahali penye mtama na uwele, na Ugogo, pamoja na ukavu wake, ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji wenye nafaka na mifugo ya kuuza mwaka ukiwa mzuri.

Mwaka ukiwa mbaya, hesabu yote ilivunjika. Nguo haziliwi.

Maji: mzigo ambao haubebeki

Kati ya Chunyo, upande wa Mpwapwa, na mpaka wa Ugogo kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali. Jina linatokana na maji yake makali, machungu ya chumvi. Ilikuwa karibu kilomita 50 bila maji ya kunywa ya kutegemea.

Lita moja ya maji ni kilo moja, haina ujanja. Mtu anayetembea juani na mzigo anahitaji lita tatu au nne kwa siku, pengine zaidi. Kwa watu 100 hizo ni kilo 300 hadi 400 kwa siku moja tu. Hakuna aliyekuwa na mabega ya ziada ya kiasi hicho.

Kila mtu alijaza kibuyu chake, basi. Tatizo lililobaki walilitatua kwa muda. Njia yao iliitwa terekeza. Badala ya kuondoka alfajiri na kupumzika mchana kama siku zote, msafara ulikula na kunywa kwanza, ukaondoka baada ya adhuhuri, ukatembea jua likishuka na kuingia usiku, ukalala pakavu kwa saa chache, kisha ukaamka mapema sana na kumalizia kabla jua halijawaka. Nyika ya siku mbili ikawa na mchana mmoja mkali badala ya miwili.

Hili ndilo jambo ambalo gemu nyingi hazilifundishi: uzito na mwendo ni kitu kimoja. Aliyezidisha mzigo hakuchoka tu. Alichelewa, na kuchelewa Marenga Mkali kulimaanisha kiu. Waliobaki nyuma ndio waliokufa.

Upande wa pili wa Ugogo, ukielekea Itigi na Tura, ilisubiri nyika nyingine, Mgunda Mkali. Kwa hiyo Ugogo ilikuwa katikati ya vichaka viwili vya kiu, na kila msafara ulilazimika kusimama pale kujaza vibuyu na kununua chakula.

Hongo: ada iliyopunguza mzigo

Wenyeji waliijua hesabu hiyo vizuri kuliko wapitaji. Kila mtemi wa Ugogo alitoza hongo kwa msafara uliopita kwenye nchi yake, kwa nguo, ushanga au waya. Njia ilipita Mvumi, Matamburu, Bihawana, Kanyenye na kwingine, na kila kituo kilikuwa na mazungumzo yake. Siku zingine msafara ulikaa tu ukisubiri jibu, na kila siku ya kusubiri ilikula vibaba vyake.

Wasafiri wa Ulaya waliandika kwa hasira kuhusu hongo, kana kwamba ni unyang'anyi. Ukiangalia kwa upande wa Wagogo picha inabadilika. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miaka mingine mvua haitoshi. Visima vilichimbwa kwa mikono. Msafara wa watu mia kadhaa ukifika, unakausha kisima ambacho ng'ombe wa kijiji kizima wanakitegemea. Hongo ilikuwa bei ya maji hayo, ya njia na ya usalama.

Mwenye msafara mwenye akili aliipanga hongo tangu pwani. Alitenga mizigo ya Ugogo peke yake, akijua itaisha kabla ya Tura. Mabega yaliyofunguka yalichukua mizigo ya wagonjwa na waliochoka. Asiyeipanga alifika Kanyenye akaanza kufungua marobota ya kupelekea Ujiji, na biashara yake ikafia njiani.

Namna ya kufunga

Uzito uleule unaweza kuwa mwepesi au mzito kutegemea ulivyofungwa. Wanyamwezi, ambao walikuwa mabingwa wa kazi hii, walibeba begani. Watu wa pwani walizoea kichwani.

Robota la nguo lilifungwa refu na gumu kama mto wa kulalia, likazungushiwa kamba na kukazwa kwa fito ndefu pembeni. Fito hizo zilichomoza upande mmoja na kufungwa pamoja. Faida ilikuwa mbili. Mzigo haukupinda begani, na mpagazi aliweza kuusimamisha kwenye mti bila nguo kugusa udongo wenye unyevu. Kuinua kilo 32 kutoka chini mara ishirini kwa siku ndiko kunakomaliza mgongo.

Safari ya kurudi pwani mzigo mkuu ulikuwa pembe za ndovu, ambazo haziwezi kupunguzwa wala kugawanywa. Pembe kubwa zilikuwa za wanaume wenye nguvu, na kuzibeba ilikuwa fahari. Mzigo uliozidi bega moja ulifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili.

Mzigo uliojua kukataa

Kwenye gemu mhusika hana mdomo. Utamzidishia, atajikokota, lakini hataondoka.

Mpagazi aliondoka. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anaonyesha kwamba wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye taratibu zao na heshima ya kazi yao. Siku za mwanzo wa safari zilijaa mabishano ya nani abebe nini. Robota likiongezwa uzito, au posho ikipunguzwa, watu waligoma kambini au walitoweka usiku.

Kwa hiyo zile ratili 60 au 70 zilikuwa makubaliano. Ziliwekwa na mabega yenyewe, kwa miaka mingi, na mgeni aliyejaribu kuzivuka aliamka asubuhi na marobota yasiyo na mbebaji, katikati ya nyika.

Kwa nini hawakutumia punda?

Swali zuri, na wachezaji wengi hununua farasi mapema iwezekanavyo. Burton alijaribu punda, Stanley pia. Wengi wa wanyama hao walikufa njiani kwa magonjwa, uchovu na huduma mbaya. Mnyama akifa, mzigo wake haufi. Unagawanywa kwa watu ambao tayari wamejaza kikomo chao. Msaidizi asiyetegemeka ni mzigo unaosubiri siku yake.

Treni, vita na Mtunya

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Njia ya marobota ikaanza kufa.

Lakini hesabu ya mabega ilirudi kwa ukatili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia Dodoma Julai 1916, na pande zote mbili zilitumia wapagazi wengi sana, mara hii kwa kulazimishwa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wabebaji.

Jeshi lisiloweza kubeba chakula chake linakula cha mahali lilipo. Ugogo ilipoteza nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima, kisha mvua ikakosa. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 iliua maelfu ya watu, na Wagogo waliipa jina: Mtunya. Kibaba kilekile kilichotosha mtu kwa siku, safari hii kilitolewa ghalani kwa mwenyeji na hakikurudi.

Je, wajua?

Simulizi maarufu ya jina la Dodoma inahusu uzito. Inasemwa tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito, miguu ikanasa kwenye tope na akaanza kuzama. Wagogo waliomwona wakasema "idodomya", amezama.

Ukirudi kwenye gemu, kumbuka haya

1. Angalia ramani kabla ya begi. Kilichoko mbele ndicho kinachoamua ubebe nini. Kama kuna mji baada ya pori, beba cha kuvukia pori tu.

2. Gawa thamani kwa uzito. Panga la sarafu 100 lenye uzito 20 ni hasara mbele ya pete ya sarafu 80 yenye uzito mdogo. Pembe za ndovu zilibebwa kwa miezi kwa sababu bei ya pwani ililipa kila hatua.

3. Usibebe ushanga mweusi nje ya Ugogo. Jua mnunuzi ni nani kabla hujaokota.

4. Chakula na dawa: akiba ya nyika inayofuata, basi. Kwenye Kingdom Come kinachozidi kinakuozea.

5. Tenga hongo mapema. Kama kuna matumizi ya lazima mbele, faini, ukarabati wa silaha au kulipa mlinzi, yaweke pembeni tangu mwanzo.

6. Acha nafasi. Wanaojaza begi hadi 299 kati ya 300 kabla ya kuingia pangoni hawatabeba chochote cha maana wakitoka. Msafara uliofika Ugogo bila bega hata moja la ziada ulikuwa mgonjwa mmoja tu mbali na kusimama.

7. Umezidisha? Tupa sasa hivi. Chagua kitu kizito chenye bei ndogo, kiache chini, endelea na safari. Msafara ulioacha robota moja Marenga Mkali ulifika Mvumi. Uliong'ang'ania yote ulichelewa maji.